Mwaka wa Kikaango Kimoja

Dada yangu Minza tulimzika kijijini Mkula mwezi uliopita. Siku ya pili ya matanga nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba yake, karibu na wanawake waliokuwa wakisonga ugali wa waombolezaji. Nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake aliyekuwa anahangaika na kuni mbichi, "Angekuwepo mwenyewe Mama Masanja, saa hizi tungeshakula na vyombo tumeshaosha." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani, kisha wakaanza kumsifu dada yangu: jinsi alivyoweza kulisha nyumba nzima kwa moto mmoja, jinsi ambavyo kwake chakula cha jioni kililiwa jua likiwa bado linaonekana, jinsi alivyowafundisha wake wa wanawe kuacha kurundika masufuria. Mtu ameishi miaka yote ile, amezaa, ameuguza, amezika mume, na hilo ndilo walilopata la kumsemea. Walisema kwa upendo, sikatai. Ndiyo maana nilinyamaza, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha.

Upishi ule mimi najua ulikoanzia. Ni mwaka mmoja tu, enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, Bariadi ikiwa bado chini ya Shinyanga na Simiyu kwetu likiwa jina la mto. Ushirika ulionunua pamba ya wakulima ulikuwa unakata roho. Pamba ya Baba, tuliyoipalilia na kuichuma sote, ilikaa ghalani na hakuna aliyekuja kuibeba. Wanunuzi binafsi tulikuwa tunawasikia redioni tu. Kilichofika kwa wingi ni mitumba. Mayu, yaani mama yetu, ambaye hakuwahi kuuza hata yai, akaanza kubeba furushi la nguo kichwani kwenda minadani: Migato, Bariadi mjini, na mara nyingine mpaka Nyashimo kwenye barabara kuu ya Musoma, ambako ilibidi alale. Kazi ile aliifurahia, hata mwendo wake ulibadilika. Lakini jiko lake lilibaki wazi, na aliyeingia humo ni Minza, ambaye alikuwa darasa la saba na akielekea miaka kumi na sita, kwani kwetu watoto wa kike walianza shule wakiwa wakubwa.

Nataka nilieleze jiko lile, maana leo watu wakisikia jiko wanafikiria chumba chenye dirisha. Lilikuwa kibanda cha udongo, chini sana, ukiingia unainama na ukiwa ndani unaendelea kuinama kwa sababu ya moshi. Mafiga matatu katikati, kichanja cha vyombo ukutani, na kona moja ndama aliyefungwa. Kupika chakula cha jioni maana yake ilikuwa hivi: unga unasagwa au unatafutwa, mboga inachemshwa kwanza na kuungwa karanga, sufuria la mboga linashuka, la maji ya ugali linapanda, kuni zinakwisha, unatoka kutafuta nyingine. Ugali ulikuwa unaiva giza limeshaingia. Baba alikula nje kwenye kikome, mahali pa moto ambapo wanaume huota jioni na kuzungumza, pamoja na mapacha wetu Kulwa na Doto, waliokuwa bado wadogo lakini tayari wanajiona wanaume. Sisi tulikula jikoni. Baada ya hapo Minza alikuwa anafungua daftari lake gizani na kulifunga, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani ovyo na kibatari kiliwashwa kwa ajili ya Baba tu.

Minza alitaka kwenda sekondari. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi, tena mbele ya Baba, jambo ambalo wasichana wa wakati wetu hawakulifanya. Katika shule yetu msichana kuchaguliwa lilikuwa tukio la kusimuliwa kwa miaka. Yeye alikuwa anashika nafasi za juu, lakini alikuwa anashindwa hesabu za mafumbo kwa kukosa muda wa kuzirudia, na muda aliokuwa nao ulikuwa ule wa kati ya kutoka shule na kuzama kwa jua, ambao wote ulimezwa na masufuria mawili. "Kabula," aliniambia siku moja tukiwa tunaosha vyombo kwa majivu, "mimi sishindwi na mwalimu. Nashindwa na ugali."

Kikaango alikileta Mayu kutoka Nyashimo. Alikibadilisha kwa koti zito la baridi na mama mmoja aliyekuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara. Sisi watoto tulikiita flampeni kama tulivyosikia watu wa mjini wakiita. Kilikuwa cha chuma, kipana, kizito mpaka nikikibeba kwa mkono mmoja nilikuwa napinda kiuno, na mfuniko wake ulikuwa wa sufuria nyingine kabisa. Mayu alikileta kwa ajili ya kukaangia samaki. Minza alikigeuzageuza mikononi jioni nzima, na siku mbili baadaye alikuja na chakula chake cha kwanza.

Kilikuwa cha chenga, ule mchele uliovunjika ambao mashineni walikuwa wanauuza kwa bei ya chini, na unaiva upesi kuliko mzima. Asubuhi kabla ya shule aliloweka choroko. Jioni alimimina kikaangoni mafuta ya mbegu za pamba, akayaacha yapate moto mpaka povu lote limekwisha na ile harufu nzito imetoka, kisha vitunguu, kisha nyanya, kisha dagaa aliowaosha kwa maji ya moto. Choroko zikaingia na maji yake, zikachemka kidogo, ndipo chenga na chumvi, akafunika na kuweka makaa mawili matatu juu ya mfuniko. Mwishoni kabisa akatandaza majani ya mgagani juu, yakalainika kwa mvuke. Hakuongeza kuni hata mara moja. Nilipotoka nje kumwaga maji nilishangaa kuona jua liko juu ya miti, na chakula kimeiva.

Siku nyingine alifanya na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, amevilainisha kwenye maji tangu mchana na kuviunga karanga zilizotwangwa na maziwa. Siku nyingine nyanya na mayai, akitufunikia kwa majani ya kunde. Vyote chombo kimoja, moto mmoja. Alikuwa akiondoa kikaango motoni, ananikabidhi nipeleke, anajipangusa mikono, na anatoka kukaa nyuma ya jiko upande wa machweo na daftari magotini. Alikuwa amejitengenezea saa nzima ya mwanga. Ninaposema amejitengenezea namaanisha hivyo, kwani haikuwepo na sasa ipo. Mayu akirudi mnadani alimkuta hapo, na alikuwa anapita kwa nyuma ili asimkatize.

Baba jioni ya kwanza alikataa. Nilimpelekea kikomeni, nikapiga goti, nikaweka. Akatazama. Akanawa mikono. Akaendelea kutazama.

"Na chakula kiko wapi?" akaniuliza.

"Ndicho hicho, Baba."

"Hii ni mboga. Nasubiri ugali."

Akasubiri ugali. Kulwa na Doto walikula upande wao mpaka wakaanza kula upande wake, naye amekaa pale kama mtu aliyesafiri akafikia nyumba isiyo na mwenyeji, mpaka giza likamfunika. Alilala na njaa kwa heshima zake zote. Kwa Msukuma wa rika lake mtu ambaye hajala ugali hajala, hata ungempa ng'ombe mzima. Kesho yake alikula kidogo, akasema ni chakula cha wagonjwa. Wiki ile ilipokwisha alikuwa anauliza mapema, "Huyo mtoto ameshapika?" Nilidhani Minza ameshinda. Hata sasa naona alikuwa ameshinda, ila ushindi wenyewe ulikuwa mdogo na nyumba ilikuwa na matatizo makubwa.

Siku moja jioni, tukiwa tumejilaza ndani, tuliwasikia Baba na Mayu wakizungumza upande wa pili wa ukuta. Ukuta ule haukufika juu, kila neno lilipita. Baba alikuwa amekutana na watu wa Mkula, wafugaji, walioulizia binti.

"Mtoto anasoma," Mayu akasema.

"Anasoma mpaka lini? Pamba iko ghalani inaliwa na panya. Sina mbegu, sina ng'ombe wa kulimia. Unataka nile vitabu?"

"Amalize kwanza la saba."

"Atamaliza. Sijasema asimalize. Lakini wanakuja, na atawapikia, wamwone."

Nilimtazama Minza. Alikuwa amelala chali, macho yako darini, na nilisubiri alie ili na mimi nilie. Badala yake akaninong'oneza, "Wanakuja kuonja ugali wangu. Basi hawataupata."

Mpango wake ulikuwa rahisi na kwa mtu wa kwetu ulikuwa wa kutisha. Wazee wakija kuposa, binti husonga ugali mgumu, laini usio na mabonge, kwa kuku aliyechinjwa kwa ajili yao, na vyote hutolewa katika vyombo safi vilivyofunikwa. Kwa ugali ule humpima: kama ana nguvu, kama ana subira, kama mama yake alimlea. Wakikuta mabonge husema wameshiba na huondoka kwa adabu. Minza alisema mabonge hayatoshi, Baba angeomba radhi na kusingizia unga. Yeye angewapelekea kikaango chenyewe, na masizi yake, na mpini wake, bila kuku, bila ugali, wachote humo humo kwa vijiko kama vibarua. Hakuna mzee wa Kisukuma ambaye angeisamehe dharau ile. Wangerudi Mkula na kusimulia njia nzima, na hakuna mtu mwingine angekuja kuposa kwetu mpaka mtihani upite, na labda hata baada ya hapo.

Mayu alijua. Hakuambiwa, lakini siku walipokuja alisema anakwenda Migato, na siku ile hapakuwa na mnada Migato. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni mwa jiko akamwambia Minza, "Pika unavyojua wewe, ng'wana wane, mwanangu." Akajitwika furushi lake akaenda.

Walikuja watatu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Nkwabi, baba wa kijana mwenyewe, mrefu, amejitanda shuka jeusi, na sauti ndogo isiyolingana na mwili ule. Kijana hakuja, kama ilivyo desturi. Baba alikuwa amemfunga kuku mguuni karibu na jiko na kuniagiza mara mbili kwamba jirani atakuja kumchinja. Jirani alipokuja Minza alimwambia kuku ameshachinjwa mwingine. Kisha akapika kama siku zote. Chenga, choroko, dagaa, mgagani. Mimi nilikuwa nachochea moto huku nachungulia uwanjani, yeye haangalii kitu ila kikaango. Nakumbuka alionja chumvi, akafikiri, akaongeza kidogo tu.

Alikibeba mwenyewe. Alipita uwanjani ameshika mpini kwa kitambaa, masizi yanadondoka, mimi nyuma yake na maji ya kunawa na vijiko. Akapiga goti. "Mwadila, baba," akawaamkia, macho chini, sauti ya adabu kabisa, na akaweka kikaango kile kwenye vumbi katikati yao. Nikamwona Baba. Uso wake ulikufa. Wale wageni wawili wakatazamana, na mmoja akaanza kujikusanya shuka kama mtu anayetaka kuinuka.

Mzee Nkwabi akachukua kijiko. Akachota, akala. Akachota tena. Akawaashiria wenzake kwa kijiko, nao wakala, kwanza kwa kulazimika, halafu si kwa kulazimika. Walifika chini wakaanza kukwangua ukoko. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta na nilimwona Minza, ambaye alikuwa bado amepiga goti, anainua macho na kuangalia vile vijiko.

"Umepika kwa kuni kiasi gani?" mzee akamuuliza.

Minza alikuwa bado anaangalia vijiko. Mimi, kwa kuwa niliulizwa kwa macho, nikaonyesha kwa mikono.

"Na wakati gani?"

"Sasa hivi," nikasema. "Mlipofika."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akamgeukia Baba. "Gete, kweli kabisa, mimi nina wana watano na wake zao. Wakati wa palizi tunatoka shambani usiku, wanawake wanagombania mafiga, watoto wanalala na njaa. Kila siku maneno. Nimekula ugali kwa watu wengi mwaka huu, wote ni mzuri. Ugali kila msichana anausonga. Huyu hapa ana akili." Akaweka kijiko chini. "Ng'ombe wale tuliotaja, mimi nitaongeza. Na aje na hicho chombo chake."

Baba alicheka. Hofu ilikuwa imemshika kiasi kwamba kicheko kilimtoka kwa nguvu, na wageni wakacheka naye, wakapeana mikono. Minza aliinuka, akachukua kikaango kilichokwanguliwa, akarudi jikoni. Nilimkuta amekaa karibu na ndama. Kuku alikuwa bado amefungwa mguuni, anadonoa chenga zilizomwagika. Minza akasema, "Wamekula chote," na akalisema tena, na hapo ndipo alipolia.

Alifanya mtihani, Baba alitimiza neno lake. Ng'ombe walikuja baada ya hapo, kabla ya mvua, na siwezi kudanganya kwamba hawakutuokoa: wawili walilima, maziwa yakawapo, Baba akawa anatembea tena akiangalia mbele. Minza aliondoka amevaa gauni la mtumba ambalo Mayu alilichagua kwenye furushi zima, na kikaango kimefungwa ndani ya kanga. Kwetu tukarudi kwenye masufuria mawili na kula gizani. Mvua zilipokolea, mwalimu mkuu alifika na baiskeli yake imejaa matope mpaka kwenye kiti, akasema Minza amechaguliwa, wa kwanza kwa wasichana. Baba alimpa kigoda. Akamchinjia kuku. Mayu alisonga ugali, na mwalimu, ambaye alikuwa ameshaelewa, alikula kidogo na kusifu sana. Alipoondoka Mayu alisema akiwa anakusanya vyombo, bila kupandisha sauti, "Huyu wa pili, Baba Minza, hapana." Baba hakujibu chochote, si siku ile wala baadaye, na mimi ndivyo nilivyosoma mpaka nikawa muuguzi.

Watu hutaka niseme najilaumu. Sijilaumu, nilikuwa mtoto na nilichochea moto nilioambiwa nichochee. Nina hasira tu, tena siku hizi sijui hata nimkasirikie nani. Baba alikuwa na pamba iliyooza. Mzee Nkwabi aliona akili na kuitaka nyumbani kwake, na tangu siku ile sijawahi kumsikia mwanamume wa rika lake akiisifu akili ya msichana. Hata mume wa Minza alikuwa mtu mpole. Miaka mingi baadaye, tukiwa wote na mvi, nilimuuliza Minza kwa nini siku ile hakumwaga chumvi nzima humo, mambo yakaisha. Alicheka mpaka akajifuta macho. "Nilifikiria," akasema. "Nilishika mkononi kabisa. Nikashindwa kuharibu chakula."

Sasa nirudi Mkula. Siku tuliyoanua matanga nilibaki na Limi, mke wa mwana mdogo wa Minza, msichana mwepesi wa kusema, tukikusanya vyombo vya kuazima. Na yeye akaanza habari ile ile ya mama mkwe wake na upishi wa haraka, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu, nikamuuliza, "Na akishapika mapema hivyo, muda uliobaki alikuwa anafanyia nini?"

"Hakuna kitu, mama mdogo."

"Hachambui mchele? Hashoni?"

"Hapana. Alikuwa anatoa kigoda nyuma ya nyumba, upande ule wa machweo, anakaa, mikono hivi kwenye magoti." Akanionyesha. "Mpaka giza liingie kabisa. Saa zingine zote ni mpole, lakini ukimsemesha saa ile anakuwa mkali, hata wajukuu walikuwa wanajua. Miaka yote. Sisi tulidhani anasali."

"Alikuwa anasoma," nikamwambia.

Limi akanitazama vizuri, kama tunavyowatazama wazee ambao msiba umewachanganya. Akanipokea sahani nilizoshika, akaziweka chini, akanishika mkono.

"Humu ndani hakuna kitabu, mama mdogo," akasema. "Hakikuwahi kuwepo."